Duara Likitema Nitaoa: Mwongozo wa Kutafuta Mke Geita Miaka 25 Bila Kumpata

Wanaume wengi hushindwa mapenzi kwa pupa. Anakataliwa akiwa na miaka 19, analia wiki mbili, anaoa akiwa na 22, na habari yake inaishia hapo: mke, watoto, mihogo. Wewe hukuja Geita kutafuta maisha ya namna hiyo. Wewe una hadhi yako, na mwenye hadhi hashindwi kwa siku moja. Hushindwa taratibu, kwa mpango, hata akifika miaka 47 hakuna anayeweza kusema ni lini hasa mambo yaliharibika.

Mwongozo huu ni wa kijana aliyeshuka stendi ya Katoro na begi moja na namba ya simu ya binamu asiyepokea. Umetokea Kwimba, Maswa, Kasulu au Tarime, haidhuru. Fuata hatua kama zilivyo. Ukiruka hata moja unaweza kujikuta umeoa, na hapo usinitafute.

1. Weka sharti moja, ulipende

Sharti ni hili: "Duara likitema, nitaoa." Yaani, shimo la dhahabu likitoa mali.

Liseme mapema, ikiwezekana mbele ya mama yako kabla hujapanda basi. Uzuri wake ni kwamba Geita nzima inalielewa. Mwanaume wa mahali pengine akisema ataoa akipata hela, watu wanamcheka. Wewe ukisema unashuka shimoni kila siku kutafuta mahari, watu wanakupisha kwenye foleni ya maji.

Kazi yenyewe itakusaidia kulitunza sharti. Mshahara hakuna. Mwenye duara anawalisha ugali na dagaa, ananunua betri za tochi, na wote mnangoja. Mawe yakipatikana, viroba vinapangwa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la gharama ambazo hukuziona zikitumika, kisha nyinyi mliokuwa chini mnagawana kilichobaki. Unabeba viroba vyako hadi karashani, unalipia kusaga. Unakwenda mwaloni, unalipia maji na mtu wa kuosha. Zebaki nayo inanunuliwa. Mwisho unakichoma kile kidonge cha zebaki na dhahabu, moshi unapanda (usiuvute, hapa sitanii), na juu ya kijiko kinabaki kitu cha manjano ambacho ukipiga chafya hakipo. Kinapimwa kwa pointi. Pointi 10 ndiyo gramu moja, na wewe una pointi 7.

Kitazame kile kipunje, kisha uiulize dhamiri yako: duara limetema hapo? Halijatema. Limekohoa tu. Ndoa isubiri.

Na siku likitema kweli, usibabaike. Sogeza mstari. Sema, "Ngoja kwanza niwe na duara langu." Ukilipata, "Ngoja nipate leseni." Ukipata leseni, "Ngoja niweke karasha." Ukiweka karasha, kuna marudio ya kuchenjua, kuna mtambo wa elusheni, kuna gari la kubebea mzigo. Dhahabu ina ngazi nyingi kuliko mbingu, na kila ngazi inakupa miaka mitatu minne ya useja wenye heshima.

Usidhani uko peke yako. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966. Ulipofungwa, watu waliendelea na sululu zao. GGM, mgodi mkubwa wa sasa, ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Katika vipindi vyote hivyo hapakukosekana mwanaume wa kusema "mwakani". Umejiunga na safu ndefu.

Jambo moja tu limeharibika siku hizi. Zamani ungeuza kwa broka usiku, ukarudi ukasema amekupunja, na nani angebisha? Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu Geita mjini, la kwanza nchini. Sasa mzani uko mezani, bei inajulikana, mrabaha unakatwa ukiona, na unaondoka na karatasi inayosema umelipwa shilingi ngapi. Karatasi hiyo ni adui wa uhuru wako. Ichane kabla ya kufika kituo cha bodaboda.

2. Achana na jina la kwenu

Ulilopewa kanisani au na bibi yako liache hukohuko. Machimboni chukua la utani: Kiwembe, Mwamba, Kamanda, Bosi Mdogo. Chagua lenye uzito, kwa sababu utakuwa nalo muda mrefu.

Faida zake utaziona haraka. Dada wa watu uliyemwahidi ndoa pale Nyarugusu atakuja Rwamgasa kukuulizia kwa jina la kwenye kitambulisho, na mwenyekiti wa kitongoji ataapa hajawahi kulisikia. Ndugu zako wakitaka mchango wa paa la mama, vivyo hivyo. Unakuwa mtu anayejulikana na wote asiyepatikana na yeyote.

Hasara ipo moja. Kifusi kikikushukia, wenzako watasimama pale juu wakiulizana, "Kiwembe kwao wapi?" Mmoja atasema Bariadi, mwingine Kibondo. Lakini hilo ni tatizo lao. Wewe hutakuwepo kwenye kikao.

3. Vaa kama mtu wa mgodini

Geita ina wanaume wa aina mbili machoni pa mama mkwe: mtu wa mgodini na mchimbaji mdogo. Mtu wa mgodini ana bima, ana likizo, ana basi la kumchukua asubuhi. Mchimbaji mdogo ana matumaini. Kwa hiyo tafuta reflekta. Azima, nunua mtumba, okota. Ikiwa na mikanda inayong'aa na buti lenye chuma kidoleni, huna haja ya kusema uongo hata mmoja. Pita tu mbele ya saluni saa kumi na mbili jioni ukiwa umechoka. Ukiulizwa unafanya kazi gani, jibu, "Tuko upande wa andagraundi." Ni kweli kabisa.

Ila usipige picha ukiwa nayo. Mji huu si mkubwa kama unavyodhani, na kila msichana ana kaka anayefanya kazi getini.

4. Penda kwa simu

Mababu wa Kisukuma walikuwa na njia ya mkato. Baada ya ngoma au gulio, vijana walimzunguka msichana na kumshinikiza achague mmoja wao palepale. "Chagulaga, mayu!" Akachagua, mambo yakaisha. Leo desturi hiyo inapigwa vita, na kwa haki: kati ya yote aliyoruhusiwa kuchagua, "hapana" haikuwemo. Lakini hebu tuwe wakweli. Wewe huikwepi chagulaga kwa sababu ya haki za wasichana. Unaikwepa kwa sababu ya wale vijana wengine. Mle kwenye duara la watu saba, sita walirudi nyumbani wamekataliwa mbele ya kijiji kizima, wakala, wakalala, wakaja tena Jumamosi iliyofuata. Wewe huna kifua cha namna hiyo.

Simu ndiyo kinga yako. Kwa simu hukataliwi, unakosa mtandao. Anzisha mapenzi na mtu aliye mbali vya kutosha: Kahama ni karibu mno, Tabora afadhali, Mtwara ndiyo kabisa. Mwite "mke wangu" siku ya tatu. Neno hilo halina gharama na linapunguza maswali. Akikuomba hela, tuma, tena tuma na ya kutolea. Mwanaume anayetuma bila ya kutolea huachwa wiki hiyohiyo, na wewe hutaki kuachwa kwa sababu ya shilingi elfu mbili. Unataka kuachwa kwa sababu kubwa.

Uwe na wawili, watatu. Si kwa ajili ya tamaa, la. Ni ili ukigombana na mmoja usije ukapata nafasi ya kufikiri.

Kuhusu waganga nitapita haraka. Mganga atakuuzia dawa ya mvuto, na wiki hiyohiyo atamuuzia mwenzako dawa ya kukukwepa. Pesa yako itafika mjini, ila wewe utabaki ulipo.

5. Ogopa ng'ombe kwa heshima

Itatokea bahati mbaya mmoja wao atasema, "Njoo nyumbani wakuone." Hapa ndipo wengi hupotea wakaenda.

Kumbuka hesabu ya ukweni. Kuna mshenga wa kutafutwa, barua ya posa na kitu cha kuwekwa ndani ya bahasha, kishika uchumba, mkaja wa mama. Usukumani kuna ng'ombe, na wazee wa kule hawahesabu ng'ombe kwa macho tu. Wanajua rangi ya binti yao, kidato alichofika, na kwamba wewe unatoka kwenye dhahabu. Hilo la tatu ndilo litakalokumaliza. Ulijisifu mwenyewe, kwa reflekta, kwa simu, kwa ya kutolea. Sasa baba yake anaelekeza fimbo yake zizini na kusema mtu wa Geita hawezi kuleta sawa na mkulima wa pamba. Na ndiyo ukweli: utakuwa umejipandishia bei mwenyewe.

Basi usifike. Ahirisha. Kwa miaka mingi mtu wa Geita mwenye mchumba Misungwi, Magu au Mwanza mjini alikuwa na rafiki mwaminifu, yaani kivuko cha Kigongo na Busisi. Ilikuwa kazi rahisi sana.

"Baba, shikamoo. Tuko Busisi hapa."

"Marahaba. Mmefika Busisi tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi baba. Foleni ya magari imefika mpaka huko juu, na kivuko kimoja ni kibovu."

"Haya. Wazee wamekaa."

"Wasamehe baba. Tukishindwa leo tutarudi, tupange siku nyingine."

Mzee hakuweza kukasirika, kwa sababu na yeye alishalala Busisi. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua daraja hapohapo, kilomita 3 juu ya maji, na sasa gari linavuka kabla hujamaliza soda. Ni kazi kubwa ya uhandisi na kila mmoja anaifurahia. Lakini serikali haikuwafikiria watu kama wewe hata kidogo. Tafuta kisingizio kingine. Pampu ya duara imekufa, shimo limejaa maji: hicho bado kina nguvu, hasa kuanzia Machi hadi Mei.

Chunga ulimi kwenye jambo moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa kudai fidia mahakamani ahadi ikivunjwa. Ndiyo maana nakusisitizia: ahadi yako isivunjwe kamwe. Iahirishwe. Na kama umewahi kujifariji kwamba kinachokuzuia ni mahari, usiisome sheria hiyo mpaka mwisho, maana inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikulipwa. Kisingizio chako kikuu kilishafutwa kabla hujazaliwa.

6. Toa ahadi, usitoe mchango

Miaka inakwenda. Wenzako wanaoa. Utaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi bila kuulizwa, picha ya kundi ikiwa bwana harusi aliyeshika maua ya plastiki. Usijitoe, watu wanaona.

Nenda kwenye kikao. Kitakuwa nyuma ya baa, Jumapili mchana, viti vya plastiki vimepangwa mviringo. Mwenyekiti ni mwenye karasha. Katibu ni mwalimu wa shule ya msingi, amefungua kaunta buku na kuchora mistari mitatu kwa rula: jina, ahadi, taslimu. Soda moja moja, na karanga. Zamu inazunguka. Mmoja anasema elfu thelathini, mwingine hamsini, mama lishe wa pale kona anasema elfu ishirini na anaitoa hapohapo, imekunjwa mara nne, ina harufu ya vitunguu. Ikifika zamu yako, simama. Mtu mwenye hadhi hasemi akiwa amekaa. "Laki moja." Makofi. Katibu anaandika. Mwenyekiti anasema, "Kamanda hajawahi kutuangusha," ingawa umewaangusha mara zote.

Makofi yale ni yako, umeshayala. Sasa usilipe. Wiki ya kwanza mzigo uko karashani. Wiki ya pili umeibiwa simu. Wiki ya harusi umesafiri. Bila kulipa hupati kadi, lakini siku ya harusi hakuna anayekagua kadi za watu wa muziki. Shika spika moja upande wako, ingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, uiweke chini, ukae. Pilau haiulizi.

Misiba ni hivyohivyo, tena rahisi zaidi, maana mtu aliye na huzuni hadai kwa nguvu. Kila kitongoji cha machimbo kina chama cha kufa na kuzikana. Watakufuata, watakueleza kwamba ukiweka kidogo kila mwezi, siku yako ikifika utapata sanduku, gari na watu wa kukusindikiza mpaka kwenu. Wasikilize kwa adabu. Waambie wewe bado kijana.

Katika kipindi hiki epuka habari zinazotibua mpango. Kule Nyangalata, wilayani Kahama, Novemba 2015 walitolewa wachimbaji watano wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, walipokuwa wameshahesabiwa kuwa wamekufa. Mmoja wao alifariki baadaye. Januari 2017, huku Nyarugusu, 15 walifukiwa wakatolewa wote baada ya siku tatu. Mtu akisikia mambo kama hayo usiku, peke yake, ndani ya chumba cha mabati, huanza kujiuliza maswali yasiyo na faida: kwamba siku zote zile, juu pale mdomoni mwa shimo, nani alikuwa amekaa, amemshikia nani nguo. Zima redio. Kesho kuna kazi.

7. Kama lazima uwe na kwenu, chagua timu

Timu haikudai mahari. Msimu wa 2021/22, George Mpole alipofunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa na jezi ya Geita Gold, hata mtu aliyefika mji huu jana yake alisema "sisi". Sema na wewe. Kumbatia usiowajua. Timu ilivyoshuka daraja 2024, ulikuwa na haki ya kununa wiki nzima bila mtu kukuuliza umeachwa na nani.

8. Hama

Mapenzi yakianza kushika, utasikia kuna mlipuko wa dhahabu mahali: Mgusu, Nyakagwe, ng'ambo ya Bukombe, wakati mwingine porini pasipo na jina. Nenda. Usiage. Huko kila mmoja ni mgeni, kila mmoja ana miaka 25 kwa siku za kwanza, na mji mzima wa maturubai unajengwa ndani ya wiki moja: gesti, kinyozi, kanisa, mtu wa kuchaji simu. Utajisikia umezaliwa upya. Mlipuko ukiisha, fuata mwingine. Kinachofurahisha ni kwamba ukirudi Katoro baada ya miaka minne utakuta jina lako lilelile la utani linatumiwa na mtu mwingine, na hakuna aliyeona tofauti.

9. Zeeka kwa ustadi

Siku moja, ukiwa na arobaini na kitu, kijana atakuamkia. "Shikamoo, mzee." Usimpige. Ni mapema kidogo kuliko ulivyotarajia, lakini hutokea kwa wote.

Kinyozi atakupaka nywele rangi nyeusi. Mwambie aache kidogo pembeni ili zionekane za kweli. Kushuka duarani sasa waachie wenye magoti. Wewe kuwa "msimamizi", cheo cha kukaa juu na kufoka. Vijana wakianza kuzungumza habari za wanawake, ingilia kati kwa sauti ya uzoefu: "Wanawake wa siku hizi wanaangalia hela." Hakuna atakayethubutu kukuuliza wale wa siku zile walikuwa wanaangalia nini, na ulikuwa umevaa nini walipokuwa wanaangalia.

Mama yako atapiga simu. Haulizi tena "mkwe wangu yuko wapi". Anauliza, "Umekula?" Swali hili ni gumu kuliko lile la kwanza. Sema ndiyo.

10. Tahadhari

Mpango ukienda vizuri hivi, kinachoweza kuuharibu ni kimoja tu, na hakiji kwa mlango unaoulinda.

Ni yule mama lishe wa kona. Uliteguka mguu mwaka juzi, ukashindwa kupanda ngazi ya gesti, akakuambia begi lako liweke hapa kwanza. Likakaa. Chaja ya simu ikafuata. Kisha redio. Wewe ulihesabu kwamba unakaa kwa muda, na kwamba unamlinda na wezi. Anakuletea chai kabla hujaomba na hajawahi kukuita Kamanda hata siku moja. Aliona kitambulisho chako siku alipokuwa anafua suruali, na tangu hapo anakuita jina uliloliacha kijijini, tena kwa sauti, sokoni. Watoto wake wanakuamkia. Jirani akipungukiwa chumvi anasema, "Kaniombee kwa mke wa yule mzee wa duarani."

Hapo ushaingia kifungu cha 160. Sheria ileile ya 1971 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa ni mume na mke, basi hudhaniwa kwamba wameoana, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Duara halijatema. Hakuna mshenga, hakuna ng'ombe, hakuna aliyesimama mbele ya yeyote. Na bado, hakimu akiwauliza majirani, ushaoa.

Dawa ni kuhama kabla ya miaka miwili. Hesabu kwa vidole tangu ulipoteguka mguu. Naona umenyamaza. Haya, hama hivyohivyo, usiku, kuna mlipuko mpya unasemekana. Lakini basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, goti linauma wakati wa baridi, na kwenye ule mlipuko hakuna atakayejua kwamba wewe chai huiwekei sukari.

Ukishindwa kuhama, angalau fanya mambo kisheria ili ionekane ni uamuzi wako. Anza kwa kumuuliza. Usimtangazie, muulize, maana umekaa miaka yote ukidhani swali ni kama wewe uko tayari. Muulize jioni, akishamaliza kuosha sufuria. Jiandae kwa jibu. Wa kwanza ninayemjua kuuliza aliambiwa, "Lipa kwanza chakula cha miezi mitatu, hilo lingine tutaongea."

Ukilipa na akikubali, nendeni kwa msajili. Taarifa ya kusudio la kuoana inatolewa siku 21 kabla, na siku 21 ni nyingi sana kwa mtu wa aina yako. Unaweza kuugua. Unaweza kuitwa na mwenye duara. Nakukumbusha tu.

Ukibaki mpaka siku ya 22, mimi sina hatua nyingine ya kukupa. Utahitaji kamati ya harusi, na mwenyekiti ni yule mwenye karasha. Mwalimu ameshastaafu lakini bado ndiye katibu, na kaunta buku anazo zote. Kabla hajaandika jina lako, atazifungua za nyuma na kusoma kwa sauti, mwaka kwa mwaka, safu ya ahadi na safu ya taslimu. Usikae karibu na mlango, utaonekana. Nenda na hela mkononi, na uwaombe waanze na ile laki moja.